Viti Kumi vya Spika

"Dada, mimi watu ninao," Spika aliiambia simu. "Nikipiga mluzi mmoja tu, mtaa mzima unajaa humu ndani. Kazi yako itakuwa kuwapunguza."

Dada wa bima akacheka upande wa pili. "Mtaa mzima wa nini, kaka? Nataka watu kumi tu, na wewe ukiwemo."

Spika ni jina alilobandikwa na majirani, kwa sababu alirekodi yale matangazo ya maduka yanayopigwa kwa spika barabarani: sabuni, magodoro, dawa ya kunguni. Studio yake ilikuwa chumba hicho hicho alicholala, trei za mayai zimegandishwa ukutani kuzuia mwangwi. Rekodi zikicheza, mpita njia angedhani humo ndani mna ukoo mzima unagombania godoro, kumbe sauti zote ni zake.

Kazi ilikuwa koo, na adui wa koo alikuwa pumu. Mwezi uliopita ilimbana katikati ya punguzo la viatu, akaanguka chini na kipaza sauti chake. Aliyemkuta ni mwenye duka la viatu, aliyekuja kudai rekodi. Asingekuwa na haraka ya kuuza, Spika angekutwa na nani?

Alipotoka wodini akaanza kusaka bima. Kampuni ya kwanza iliposikia pumu ilimtajia bei ya kununulia kampuni yenyewe. Ya pili ikasema itamtibu kila kitu isipokuwa kifua. "Sasa mimi nina ugonjwa gani mwingine?" akauliza, wakakata. Ya tatu ndiyo ya huyu dada.

"Kundi la watu kumi haliulizwi magonjwa," alimweleza. "Kila mtu na malipo yake, na mwenzako akiacha baadaye, wewe unaendelea. Nitapiga simu Jumamosi. Mkae pamoja, simu muiweke katikati, kila mmoja ajitambulishe. Karatasi zitafuata."

Spika akaingia mtaani kifua mbele.

Kinyozi, mashine mkononi, hakugeuza hata shingo. "Niandike, Spika. Nikimaliza hivi vichwa nakuja."

"Ni Jumamosi, bwana, siyo leo."

"Basi nikimaliza vichwa vya Jumamosi."

Fundi viatu aliuliza kama kutakuwa na soda. Bibi mwenye nyumba, ambaye mara ya mwisho kukanyaga chumbani kwa Spika alikwenda kumwambia apunguze kelele, alisema naye aandikwe, mengine Mungu atajua. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Spika akarudi nyumbani akiimba tangazo la sabuni.

Jumamosi alifagia, akavaa shati la kola, akakodi viti vya plastiki na kuvipanga duara. Katikati akaweka stuli, juu ya stuli simu. Kreti ya soda ilikaa karibu na mlango, ili anayeingia aione kwanza.

Simu ikaita.

"Mpo wote?"

"Tumebanana, dada, hata pa kuweka mguu hakuna!"

"Haya, tuanze."

Kiti kikakwaruza sakafu. "Mimi kinyozi. Kuna mtu nimemwacha na nusu kichwa, kwa hiyo fanya upesi."

Vibonye vya kompyuta vikasikika, na kicheko. Kiti kingine kikakwaruza. "Fundi viatu hapa. Mimi nimefuata soda, sikufichi."

"Na mimi ndiye mwenye nyumba," ikafuata sauti ya kizee, yenye kutetemeka.

"Shikamoo, bibi. Habari ya afya?"

"Marahaba, mwanangu. Naumwa wapangaji tu."

Dada alicheka mpaka akaomba radhi. Viti vikaendelea kukwaruza: fundi bomba, mshonaji, muuza magazeti. Kadiri duara lilivyozunguka, ndivyo utani ulivyopungua na majibu yalivyofupika. Wa mwisho alisema "Nipo" tu, akakohoa.

"Kuna mtu humo kifua kimembana," dada akasema.

"Ni vumbi," Spika akajibu. "La viti... vya kukodi."

"Poleni. Niwaulize jambo, halimo kwenye utaratibu. Huyu Spika mnamfahamu vizuri?"

Kiti kimoja kikakwaruza. Kisha ile sauti ya kizee ikasema, polepole, "Tusimfahamu vipi? Asipofungua dirisha siku moja tu, tunamgongea mlango. Akikohoa, tunasikia wote."

Upande wa pili vibonye vilinyamaza.

"Sawa, bibi," dada akasema mwishowe. "Limebaki moja, na hili ni lazima. Semeni wote pamoja, kwa mpigo mmoja: Tumekubali."

Spika alikuwa amesimama katikati ya duara la viti vitupu, mkono kifuani. Akafungua mdomo, akaufunga. Mluzi pekee uliosikika chumbani ulitoka kwenye kifua chake.

"Kaka," dada akasema taratibu, "chagua kiti kimoja tu, ukae, uvute dawa yako. Mimi nipo, sikati simu."