Daftari la Njia ya Ziwani

Bibi alifika kwenye kibanda cha walinzi asubuhi na mapema, miguuni kandambili, na baridi ile ya nchi za kaskazini inakata kama wembe.

"Mmempata?"

Mlinzi wa njia, dada mmoja mwenye koti la mvua, alitua kikombe. "Nani, mama?"

"Mzee wangu. Jana jioni tulipokuwa tunarudi alikumbuka kofia yake, kaiacha kule mbali kwenye benchi la ziwani. Akageuka kuifuata. Mimi goti lilinigomea, nikatangulia."

"Na hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Yule akimwona bata humsimamia kama mkaguzi. Hata siku ya harusi tulimngoja. Nilimeza dawa ya goti nikalala. Nilijua asipotoka, mtakwenda."

Ndivyo lilivyosema bango la mlangoni, naye alilisoma mara mbili: aingiaye ajiandike daftarini, atokaye akate jina lake. Jua likizama na jina halijakatwa, walinzi na mbwa wao wanaingia msituni. Kwa imani hiyo alilala fofofo, mpaka alipopapasa kitanda alfajiri akakuta upande wa pili mtupu.

Dirishani, barafu ilikuwa imeshika ukingo wote wa ziwa.

Mlinzi aliwaita wenzake kwa redio. Alisema maneno machache, na hakuna hata moja lililokuwa la haraka. Chai yake ilipoa mezani.

"Jana hatukwenda, mama," akasema. "Kila aliyeingia alitoka."

"Basi nyinyi vipofu. Au kuna mmoja wenu kakata ovyo apate kuwahi kwake."

"Hatuligusi daftari sisi. Tunalisoma tu."

"Lete hapa. Nimwone huyo mvivu, nimjue."

Mlinzi alisita, kisha akaligeuza daftari. Bibi akavaa miwani. Majina yao yalikuwa pale, la mzee juu, lake chini, yote kayaandika yeye. Miaka arobaini alikuwa akimjazia mumewe kila fomu, maana mwandiko wa mzee ungemwaibisha kuku.

Yalikuwa yamekatwa pamoja, kwa mstari mmoja mnyoofu, na pembeni, kwa mwandiko uleule wa bibi: *Tumetoka salama. Asanteni.*