Chuma cha Chini ya Jiko

Sisi tunaoishi juu ya madaraja ya zamani, serikali hukata kipande cha chuma chini ya nyumba zetu kila mwaka na kukivuta kwa mashine mbele yetu. Kikikatika ghafla, tunahama siku hiyohiyo.

Chetu kilirefuka kama unga wa chapati uliokandwa vizuri, kikawa chembamba, ndipo kikakatika.

"Hongera, Mama Wakesho," akasema Mhandisi Nafula wa serikali, akizima mashine. "Chuma hiki cha kufuliwa hakishtukizi mtu. Kikichoka kinanyumbuka polepole. Mtaona nyumba inaanza kwenda upande, mtahama mapema."

Nililia kwa furaha, nikapika pilau, nikaita majirani.

Walipoondoka, mlango wa jikoni ukakataa kufungika. Mume wangu akachukua randa huku akipiga mluzi, akaupunguza kidogo upande uleule, kama mwezi uliopita.