Pipa Lililojipunguza

Dawa ya wadudu ilikuwa inapungua pipani, na hakuna aliyekuwa akiichota.

Mpira wa kumwagilia, uliofungwa kwenye bomba, ulikuwa umezama humo. Maji ya mtaa yalikuwa yamekatika, yaliyobaki yakiteremka, na bomba likawa linainyonya dawa kama mtoto mwenye soda na kuipeleka nyumba za bondeni. Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma niliing'oa mwenyewe juzi, mimi fundi mjuaji, eti inapunguza kasi.

Niliuchomoa mpira, nikampigia mama mkwe, anayekaa bondeni na wanangu.

"Mama, msiguse maji!"

"Mkwe! Leo umenikumbuka? Yanatoka kidogo kidogo, tena meupe kama maziwa. Nikasema yatatulia tu."

"Watoto je?"

"Wameshakunywa. Sasa wanasinzia tu, sijui jua hili."

"Waamshe, mama! Waamshe!"