Maktaba Inayotaka Maktaba

Programu iligoma tena kujengeka, na Sixbert akatamka neno ambalo halitamkwi na mtu aliyepokea komunyo Jumapili. Mara akakumbuka nani yuko sebuleni, akajiziba mdomo.

Sebuleni alikuwapo mama mkwe. Alikuja hapa Msamala kutibiwa mguu. Mguu umepona zamani, mwenyewe yupo tu. Na Sixbert alilelewa na bibi wa kizamani: mkwe haangaliwi usoni wala haulizwi habari zake. Kwa hiyo alikuwa akiingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa jikoni, kama mwizi wa kuku. Alichojua ni kwamba mama huyo alistaafu ofisi fulani Dodoma. Ofisi gani? Angeanzia wapi kuuliza!

Benigna, mkewe, akaingia na chai.

"Mama anauliza umefikia wapi."

"Anauliza tena? Jamani! Anafanya nini huko?"

"Yuko na simu yake, kama kawaida."

Sixbert alishusha pumzi. Kesho viongozi wa chama cha wakulima wangekuja kuona programu ya mizani ikifanya kazi. Isipofanya, kazi inahamia kwa watu wa Dar, naye anabaki mwanaume wa kushinda chumbani kama mwali, mkwe akishuhudia. Habari hiyo ingefika Hanga, kijijini kwa wakwe, kabla hata mama hajafunga mizigo.

Tatizo ni kwamba kompyuta za chama zilikuwa kuukuu mno. Hakuna tena aliyezitengenezea programu iliyo tayari. Ilibidi aijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yale maagizo yanayoiunda. Ukianza kuijenga, inadai maktaba fulani kwanza, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine. Ukiileta maktaba hiyo, nayo inadai maktaba nyingine. Alichoka. Alichoka hadi kope.

Aliyebaki kumvumilia ni mmoja tu, Jembe, kwenye kikundi cha mafundi wa programu mtandaoni. Wote walimwita Mzee Jembe, ingawa hakuna aliyewahi kumwona.

"Mzee, imekufa tena," Sixbert aliandika.

"Kosa la kwanza linasemaje? Usiniletee la mwisho, hilo ni kilio tu."

Sixbert akapandisha maandishi hadi juu, akalisoma kosa kwa sauti, neno kwa neno, kwa hasira. Hata hajaanza kulinakili, jibu likaingia.

"Hizo mbili zinategemeana. Ya fonti inataka ya maandishi, ya maandishi inataka ya fonti. Jenga ya fonti bila kile kipande kinachodai mwenzake. Kisha jenga ya maandishi. Kisha urudie ya fonti, sasa iwe kamili. Na ufute mabaki ya jana kwanza."

Wazee wa kazi hii ndivyo walivyo, aliwaza Sixbert. Akafuta mabaki, akaanza upya. Mvua ikapiga bati. Mistari ikaanza kupanda polepole kwenye kioo, na uchovu ukamfungua mdomo.

"Mzee, nikwambie ukweli. Watu wa chama siwaogopi sana. Namwogopa mama mkwe. Ananiona mvivu."

Jembe akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena.

"Amekwambia hivyo?"

"Hajaniambia. Hatuongei. Ni mkwe, mzee, wewe si unajua mila!"

"Sasa umejuaje?"

Sixbert akavuta kikombe. Akanywa chai iliyopoa.

Maktaba ya fonti ikapita. Ya maandishi ikapita. Ya fonti, mara ya pili, ikasitasita mahali pale pale ilipokuwa ikifia, na Sixbert akashika msalaba wa shingoni. Ikapita. Kisha programu yenyewe ikajijenga hadi mwisho bila kosa hata moja, ikafunguka, ikasoma uzito wa gunia la majaribio.

Akalaza kichwa mezani. Machozi yalimtoka, na hakujali.

"Imekubali!" aliandika, herufi zikimpiga chenga. "Mzee Jembe, Mungu akupe maisha marefu. Nikufanyie nini mimi?"

Jibu halikuchelewa.

"Toka huko chumbani, baba. Nimemwambia Benigna atupakulie pamoja."