Kisima Kilichobaki Nusu

Siku shangazi mkubwa alipofariki, wanawake waliacha kulitamka jina lake, kama ilivyo desturi ya Waaborijini wa jangwa la Australia, na mchoro wake wa kisima cha mababu ukabaki nusu. Wiki nzima Nangala, binti wa kaka yake, alilizunguka turubai la mchoro ule sakafuni, hakai, hachori.

“Utachimba mtaro humu ndani,” shangazi mdogo alimtania. “Hebu kaa!”

“Nikikosea je, shangazi?”

“Kisima ni cha baba zako. Mimi macho yamekwisha. Usipochora wewe, watoto watajuaje maji yalipo?”

Nangala akaketi, akachovya kijiti kwenye rangi, mkono ukasita. Shangazi akaanza kuimba wimbo wa njia ya kisimani, na nukta nyekundu ya kwanza ya Nangala ikatua kwenye turubai.

Siku hizi shangazi huimba, Nangala huchora.