Maneno Mawili ya Alhamisi

Viti viwili vya ngozi vilikuwa uani vikitazamana. Mwenye gari alikuwa amejikunja ndani ya bodi tupu, magoti kidevuni, akigonga sakafu ya bati kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo. Akabandika kipande cha shiti ya lami, ile ya kuzimia kelele, akakikandamiza kwa kigurudumu cha mbao, akagonga tena. Du.

"Kumbe hunyamaza," akajisemea.

Watu walimwita Kipaza. Alikuwa mnadi, na akifungua kinywa sokoni, mtaa wa tatu walijua kabati limefika bei gani. Nyumbani pia msemaji alikuwa yeye. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimsikiliza kwa miaka kumi na mmoja. Kisha koo la mwalimu likaota uvimbe, ukakatwa, na sauti iliyobaki ilikuwa kama karatasi inayoburutwa sakafuni. Siku ya upasuaji Kipaza alikuwa na mnada mkubwa. Alifika jioni, na maua.

Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi alimpeleka hospitali ya mji jirani kwa mazoezi ya sauti. Gari lilikuwa la spoti, la zamani, la kukaa chini chini, injini ikinguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Mama yake Kipaza, aliyehamia kwao pamoja na shangazi mwaka juzi, hakulipenda hata kidogo.

"Viti viwili!" alisema. "Kama vile ukoo huu hauna watu."

Na kila Alhamisi, mji ukiisha na barabara ikinyooka, mwalimu alimgeukia mumewe akasema kitu. Maneno mawili tu; Kipaza aliyahesabu kwa kutazama midomo. Injini iliyameza. Kusimama kando ya barabara ile, malori yakipita mbio, kulikuwa kujitafutia makubwa. Basi, asije akamvunja moyo, alitabasamu akaitikia kwa kichwa: ndiyo, mke wangu, ndiyo. Mwalimu alimkazia macho kitambo, kisha akageukia dirisha.

Alipomuuliza nyumbani, mwalimu alitupa jicho sebuleni walikokaa mama mkwe na shangazi, akatikisa kichwa. Alipompa daftari na kalamu, aliandika: *Mengine hayaandikwi.*

Alhamisi iliyopita hakusema kitu. Alitazama dirisha kwenda, akatazama dirisha kurudi.

Hilo ndilo lililomchoma Kipaza. Mtu aliyeishi kwa ulimi wake ameshindwa kusikia maneno mawili ya mkewe! Na mke humwambia nini mumewe wakiwa peke yao? Alijitazama kwenye kioo cha gari, akilinganisha midomo. "Nakupenda bado." Akajaribu tena. "Asante sana." Yote aliona yanakaribia.

Akaahirisha minada miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba. Siku tatu alishinda garini. Alitoa zulia, akasugua bati kwa spiriti, akabandika shiti sakafuni, milangoni na darini. Kwenye kona alizilainisha kwa mashine ya mkewe ya kukaushia nywele. Juu yake akatandika blanketi zito, na kila tundu lililopitisha waya kutoka kwenye injini akaliziba kwa mpira. Karatasi ya fedha ya shiti ilimkata vidole vinne.

Mama yake alikuja kusimama juu yake. "Wenzio hutia muziki kwenye magari. Wewe unatia blanketi?"

"Nataka kumsikia mke wangu, mama."

Mama akacheka. "Umsikie ana nini cha kusema? Mkwe wangu huyo ametulia tuli, kama maji mtungini."

Mwalimu alikuwa mlangoni mwa jikoni, amesikia yote. Kipaza alimwinulia mikono yenye bendeji. "Kwa ajili yako!" akapaza. Mwalimu aliitazama mikono ile, macho yakajaa machozi, akarudi ndani haraka. Kipaza akacheka peke yake kwa furaha, akaongeza shiti nyingine.

Alhamisi ikafika. Milango ilijifunga kwa mlio mdogo, mzito, na dunia ikabaki nje. Injini ilisikika kama ya jirani, nyumba ya tatu. Kipaza aliweza kusikia bangili za mkewe zikigusana. Aliweza kusikia pumzi yake. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, alivuka mji mzima bila kutia neno.

Mji ukaisha. Barabara ikanyooka. Akapunguza mwendo, moyo ukimwenda mbio kama bwana harusi.

"Sema sasa, mke wangu," akanong'ona. "Nimechelewa, najua. Lakini leo nitasikia."

Mwalimu akamgeukia. Akameza mate, koo likamuuma, akangoja maumivu yapite.

"Nirudishe kwetu," alisema. Na kwa kuwa kimya kilitosha, akaongeza: "Nimekuomba mara kumi na tatu, na kila mara ulikubali."