Nyanya Zilizoiva

Tungaraza alimimina vidonge kiganjani, akamsogezea mkewe kikombe cha maji. Nyamizi alikuwa mkekani akichambua nyanya za genge lake, mbivu kwenye beseni, mbichi kwenye tenga.

Leo haikuwa siku ya mashine. Daktari alikuwa amesema dawa hizi za kifua kikuu Nyamizi azimeze siku za kusafishwa damu tu, akishatoka kwenye mashine, maana figo zake haziwezi tena kuzitoa mwilini. Zikizidi, zitamharibia macho. Tungaraza aliitikia, kisha akafanya lake. Kaka yake alipona kifua kwa kumeza kila siku bila kuruka. Ya nini kumpunja mgonjwa dawa? Akawa anampa kila asubuhi, na zilipopungua akaongeza nyingine kimyakimya kutoka duka la dawa.

"Mama Sifa, mbona umezichanganya?"

"Zipi?"

Ndani ya beseni, karibu nusu zilikuwa kijani kabisa.

"Hebu nipe moja iliyoiva," alisema Tungaraza.

Nyamizi aliinua moja, akaisogeza karibu na uso, akairudisha. Akaokota nyingine, akampa. Ilikuwa mbichi kama jani.

"Siku hizi naziona zote rangi moja," alisema taratibu. "Sikutaka kukuongezea mzigo."

Tungaraza alifumba kiganja. Vidonge vilianza kulowa jasho.

"Haya, Baba Sifa, nipe dawa yangu."

Akashika kikombe, akafungua kinywa, akangoja.